Nguzo ya Taa Si Ubao wa Habari

Kila asubuhi Batul alipika uji wa unga wa ngano. Uji ule haukuwa wa kunywa. Ulikuwa gundi.

"Umeiva?" aliuliza mumewe, Moiz Lalji, huku akinawa mikono yenye grisi.

"Umeiva. Leo nimeukaza. Karatasi ukiibandika leo, wajukuu zako wataikuta."

Moiz alicheka. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia iliyotarizwa kwa uzi wa dhahabu. Duka lake la vipuri vya baiskeli lilikuwa Ngamiani, mjini Tanga, kwenye kona ya njiapanda yenye taa za kuongozea magari. Ndani ya duka yalining'inia matairi, cheni na kengele. Nje palikuwa na baraza ya saruji, pana na yenye kivuli.

Alichukua kopo la uji, brashi na karatasi. Akavuka hadi kwenye nguzo ya taa. Akaipaka gundi, akabandika tangazo, akalipigapiga kwa kiganja. Kisha akarudi nyuma kidogo kulitazama, kama fundi anayetazama mlango aliouchonga mwenyewe.

Kazi ile aliirithi. Zamani, baba yake Moiz alipigilia ubao mweusi kwenye ukuta wa nyumba moja ya kona, ng'ambo ya duka. Enzi hizo mji wote ulikuwa baiskeli. Asubuhi kengele zililia barabarani kama ndege walioamshwa. Rafiki yake Moiz, kijana mmoja wa Makorora aitwaye Mwinyijuma, alikuwa na mwandiko mzuri. Yeye ndiye aliyeandika ubaoni kwa chaki. Nani amefariki na atazikwa saa ngapi. Nani anaoa. Timu gani inacheza jioni. Mbuzi wa nani amepotea, na ana alama gani.

Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walikuja kutoka Pongwe siku za mapumziko. Walishuka kwenye baiskeli, wakaziegemeza ukutani, wakasoma. Asiyejua kusoma alisomewa. Wengine walijifunza kusoma pale pale, herufi kwa herufi, kwa majina ya marehemu.

Kisha barabara ikapanuliwa. Nyumba ya kona ikavunjwa, na ubao ukapasuka. Mahali pake zikasimikwa taa.

Moiz alihuzunika sana. Hata chai haikumpendeza. Ndipo siku moja akapata wazo. Alimwambia Batul, "Watu wote husimama pale kwenye taa. Mtu akisimama bila kazi, macho yake hutafuta cha kusoma. Basi nguzo ndiyo iwe ubao wetu."

Ikawa hivyo. Karatasi juu ya karatasi. Msiba juu ya harusi, harusi juu ya mpira. Nguzo ikanenepa kama mtu aliyevaa nguo zake zote kwa siku moja.

Waendesha baiskeli waliipenda. Walikuwa na mtindo wao pale. Hawakushuka. Waliishika nguzo kwa mkono mmoja, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali, wakasoma. Wenzao wakianza kusogea, nao wakasukuma pedali na kwenda. Taa yenyewe hawakuitazama. Walisema, "Nikiona mgongo wa mwenzangu unaondoka, najua njia imefunguka."

Mtu mmoja tu ndiye hakuipenda nguzo ile. Naye ni jirani yao, Praxeda, mwalimu wa udereva. Alizaliwa Maramba, kwa wakulima. Sasa alifundisha watu kuendesha magari, kwa sauti kubwa na kwa vicheko vikubwa zaidi.

"Shikamoo, Mzee Moiz."

"Marahaba, mwanangu. Habari za wanafunzi wako? Leo wamegonga mti gani?"

"Leo wameusamehe. Mzee Moiz, ile nguzo si ukuta wa nyumba yako. Watu wanasoma karatasi, hawasomi taa."

"We mtoto wa Maramba! Kwenu kuna taa ngapi? Si ng'ombe wenu wanavuka barabara bila kuuliza mtu?"

"Ng'ombe wa Maramba huangalia gari kwanza, mzee. Wateja wako je?"

Batul alicheka hadi akashika ukuta. Moiz naye akacheka. Lakini karatasi hakuziondoa. Moyoni alisema, "Huyu kaja juzi. Hajui ubao ule ulikuwa nini kwetu."

Siku moja ikaja habari nzito. Zabron amefariki. Zabron alikuwa golikipa wa timu yao ya mtaa walipokuwa vijana. Moiz alicheza beki. Mwinyijuma alicheza mbele, na mara nyingi alianguka mwenyewe bila kuguswa na mtu. Baada ya mpira, Zabron aliwachukua wote wawili kwenye baiskeli yake moja, mmoja mbele, mmoja kwenye karia ya nyuma. Alikuwa Mlutheri wao, na kila Idi alikula pilau kuwashinda wenye sikukuu.

Moiz aliandika tangazo mwenyewe. Jina, mtaa, na mazishi saa tisa alasiri. Akalibandika juu kabisa, mahali ambapo kila mtu angeliona. Alijua Mwinyijuma hana simu wiki ile, imeharibika. Alijua pia kwamba lazima atapita pale akienda sokoni. "Ataisoma," alisema. "Tutakwenda kumzika rafiki yetu pamoja."

Mwinyijuma akapita kweli. Taa ilikuwa nyekundu. Akaishika nguzo kwa mkono, kama kawaida yake. Akainua macho. Moiz alikuwa barazani, akamwona uso wake ukibadilika.

"Moiz!" Mwinyijuma aliita. "Zabron huyu, Zabron wetu? Golikipa?"

"Ndiye, yakhe! Mazishi saa tisa!"

Mwinyijuma alirudisha macho kwenye karatasi, kana kwamba akiisoma tena itabadilika.

Wakati huo huo mshale wa kijani uliwaka. Ulikuwa mshale wa kwenda kushoto. Waendesha baiskeli waliokuwa pembeni yake walikuwa wanakwenda kushoto, wakasogea. Mwinyijuma akahisi migongo inaondoka. Akasukuma pedali. Lakini yeye alikuwa anakwenda mbele moja kwa moja, na kwa wa kwenda mbele taa ilikuwa bado nyekundu. Uso wake ulikuwa bado umegeukia nguzo.

Pikapu ilikuwa inatoka upande wa kushoto, inakata kulia. Nayo ilikuwa na mshale wake wa kijani. Dereva alikanyaga breki. Tairi zikalia.

Moiz aliangusha kikombe cha chai. Alikimbia, na kandambili moja ikabaki nyuma. Alimkuta rafiki yake chini, amepauka, baiskeli imejikunja kama waya. Dereva wa pikapu alikuwa anatetemeka kuliko majeruhi.

"Nimemwona, nimekanyaga breki, Wallahi nimekanyaga," alisema dereva.

"Mguu wangu," alisema Mwinyijuma. "Moiz, mguu wangu."

Walimpeleka hospitali kwa pikapu ile ile. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Daktari aliunyoosha, akaufunga plasta. Saa tisa ilipofika, Zabron alizikwa bila rafiki zake wawili. Mmoja alikuwa kitandani. Mwingine alikuwa amekaa kando ya kitanda, ana kandambili moja.

"Usinitazame hivyo," alisema Mwinyijuma. "Nilikuwa nasoma jina la Zabron. Kidogo tu wangeniandika chini yake."

Moiz alitaka kucheka. Badala yake machozi yakamtoka. Alitoa leso, akajifuta macho, akajidai ni jasho.

Usiku ule hakula. Asubuhi Batul hakupika uji. Naye Moiz hakuuliza.

Praxeda alikuja mapema, kabla ya kwenda kazini.

"Shikamoo, Mzee Moiz. Pole sana."

"Marahaba. Umekuja kusema, 'Si nilikwambia?' Haya, sema. Leo sina mdomo wa kukujibu."

"Sikuja kusema hilo. Nimekuja kukuomba tusimame wote pale kwenye nguzo. Lakini usiitazame. Ipe mgongo. Watazame watu."

Wakasimama. Taa ikawa nyekundu. Baiskeli zikaja, bodaboda zikaja, watembea kwa miguu wakaja. Moiz aliwatazama nyuso zao. Hakuna aliyetazama taa. Shingo zote zilikuwa zimegeukia karatasi. Bodaboda mmoja alinyoosha shingo juu ya bega la mwenzake ili amalizie sentensi. Mama mmoja aliyebeba kapu la samaki alisoma huku miguu yake ikiteremka barabarani, pole pole, bila yeye kujua. Gari likapiga honi. Akaruka nyuma. Kisha akarudi kusoma.

"Ya Rabi," alisema Moiz. "Siku zote mimi nilitazama karatasi. Sikuwahi kuwatazama wao."

"Taa nayo inazungumza, mzee," alisema Praxeda. "Lakini inazungumza kwa macho tu. Ukiyachukua macho ya watu, umeiziba mdomo."

"Hebu nieleze, mwanangu. Nieleze kama mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi wangu hulipa ada."

"Nitakupa kengele ya baiskeli."

"Nina gari."

"Utaifunga kwenye gari."

Praxeda akacheka. Kisha akanyoosha kidole.

"Nyekundu ni simama. Simama nyuma ya mstari ule mweupe, hata kama barabara ni tupu. Njano baada ya kijani ni jiandae kusimama. Watu wengi hudhani njano maana yake ni kimbia. Hao ndio wanaotupa kazi. Kijani ni nenda, lakini nenda ukiangalia, maana yupo mwingine asiyeitii taa yake."

"Na mshale?"

"Mshale ni ruhusa ya wale tu wanaokwenda unakoelekea mshale. Ukiwaka wa kushoto, wa kushoto aende. Wa mbele angoje taa yake. Ndipo alipokosea Mzee Mwinyijuma. Alifuata mgongo wa mtu mwenye safari nyingine. Na baiskeli ni chombo kama gari, mzee. Taa hizi ni zake pia."

Moiz aliitazama nguzo. Kisha akasema kile kilichokuwa kinamuuma.

"Lakini zamani, Praxeda, walisoma hapa hapa. Miaka na miaka. Mbona hawakugongwa?"

Praxeda akamgeukia.

"Zamani walisomaje, mzee? Nisimulie. Mimi sikuwepo."

Moiz akafumba macho. Akauona ukuta ule, na chaki, na vumbi la mkonge kwenye mashati ya watu. "Walikuja... wakashuka. Wakaegemeza baiskeli ukutani. Wakasoma. Wakaulizana hali. Halafu..."

Akafumbua macho.

"Walishuka," alisema tena.

"Walishuka," alisema Praxeda. "Ubao ulikuwa ukutani. Msomaji alikuwa ameshamaliza safari, au ameisimamisha. Wewe umehamisha maandishi, mzee, lakini kule kushuka umekuacha kwenye ule ukuta uliovunjwa. Hapa mtu anasoma akiwa bado yumo safarini."

Siku ile ile Batul alichemsha maji ndoo nzima. Walianza kuibandua nguzo, yeye kwa kitambaa cha maji moto, Moiz kwa kisu cha kukwangulia mpira wa tairi.

"Nani aliyepika gundi hii?" alilalamika Moiz.

"Mkeo. Si nilikwambia nimeikaza?"

Karatasi zilitoka tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lilikuwa na watu wake. Ilitoka harusi ya binti wa muuza kahawa, ambaye sasa ana watoto wanne. Ilitoka mechi iliyoahirishwa kwa mvua. Ilitoka khitma ya mwalimu wao wa madrasa. Batul alisoma kila moja kwa sauti kabla ya kuitia kwenye ndoo. Mara nyingine alisita, akasema, "Huyu namkumbuka. Alipenda ugali wa bada kwa samaki papa." Moiz aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukwangua. Jina la Zabron walilibandua taratibu, likatoka zima. Moiz akalianika barazani.

Chini ya yote wakakuta chuma cha nguzo. Na kwenye chuma palikuwa na kitufe cha mviringo. Juu ya kitufe palikuwa na kibao kidogo chenye picha ya mtu anayetembea. Kibao kilisema: BONYEZA. SUBIRI. VUKA MTU WA KIJANI AKIWAKA.

Batul alikiangalia muda mrefu, mikono kiunoni.

"Kumbe kuna kitufe! Miaka yote mimi navuka kwa kuinua mkono na kusema bismillahi."

"Bismillahi usiiache, mama," alisema Praxeda, aliyekuwa amerudi kutoka kazini. "Ila bonyeza kwanza. Mtu mwekundu akiwaka, subiri. Wa kijani akiwaka, angalia kulia na kushoto, halafu vuka. Na akianza kuwaka na kuzimika, kama hujaanza kuvuka, usianze. Kama umo katikati, maliza. Usirudi nyuma."

Batul alibonyeza. Wakangoja. Mtu wa kijani akawaka, na magari yote yakasimama kwenye mstari, hata lori la saruji.

"Moiz!" alisema Batul. "Lori limenisimamia mimi!"

Alivuka, kisha akavuka tena kurudi, bila kuwa na haja yoyote ng'ambo. Alitaka tu kuliona lori lingine.

Moiz hakuishia hapo. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Msafiri. Wakaenda pamoja kwenye ofisi inayoshughulikia barabara. Kule waliambiwa kwamba kufunika taa au alama za barabarani ni kosa. Moiz alikiri, akainamisha kichwa. Kisha akakiinua.

"Kosa nimelifanya, na rafiki yangu amelilipia mguu," alisema. "Lakini na nyinyi kile kibao chenu ni kidogo kama stempu. Watu wetu wanapenda kusoma. Wapeni basi cha kusoma kuhusu taa zenyewe. Kiwe kikubwa, kiwe na picha, na mtu akisome kabla hajafika kwenye mstari, si akiwa juu yake."

Msafiri alimkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze. Lakini ofisa alicheka, akaandika.

Baada ya majuma machache, mabango mawili yalisimikwa pembeni, pale watu wanapoteremka kutoka kwenye njia za mtaani. Yalikuwa na picha ya taa, mshale na mtu wa kijani, na maneno machache makubwa. Nguzo zenyewe zilipakwa rangi na kuachwa tupu. Jumamosi, Praxeda alileta wanafunzi wake, na trafiki mmoja akaja, wakaeleza watu kwa zamu pale barazani kwa Moiz. Waendesha baiskeli walibisha kwanza. Mmoja alisema, "Mimi na taa wapi na wapi? Mimi sina injini!" Praxeda akamjibu, "Na mguu wako una spea dukani kwa Mzee Moiz?" Yule akakaa chini, akasikiliza.

Na ubao je? Moiz alinunua mbao, akapaka rangi nyeusi, akaupigilia kwenye ukuta wa duka, ndani ya baraza, mbali na magari. Mtu hawezi kuusoma bila kushuka. Siku za mwanzo wasomaji walikuwa haba. Walipita, wakaitazama nguzo kwa mazoea, wakaiona tupu, wakaguna. Lakini kwa kukosa cha kusoma waliinua macho, na walipoyainua wakakutana na taa. Halafu mmoja akashuka barazani kuulizia maziko. Kesho yake wakashuka wengine. Wakaanza kukaa. Muuza kahawa akasogeza birika lake. Batul alisema baraza imerudi kupiga kelele kama enzi za baba mkwe wake, na akajidai kulalamika.

Mwinyijuma alitoka hospitali na magongo mawili. Alipoiona ile chaki, aliinyakua kutoka mkononi mwa Moiz.

"Toa huko! Mwandiko wako ni kama kuku kakanyaga wino."

Akakaa kwenye kiti, mguu wenye plasta ameunyoosha, akaandika. Herufi zilitoka zilezile, zenye mikia mirefu. Moiz alisimama nyuma yake, akawa anasoma polepole, kama mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake.

Tangu hapo pale njiapanda hakuna mtu wa mtaa aliyegongwa. Honi zimepungua. Mama wa samaki husimama nyuma ya mstari na kapu lake, anamngoja mtu wa kijani, na akichelewa humtukana kidogo.

Ilipofika siku ya ibada ya kumkumbuka Zabron, wazee wawili waliondoka barazani pamoja. Moiz alivaa kofia mpya. Mwinyijuma alikuwa na magongo yake. Walipofika kwenye kivuko, mtu wa kijani alikuwa amekwisha kuanza kuwaka na kuzimika. Barabara ilikuwa tupu. Ng'ambo, watu wa kanisani walikuwa wanaingia, na wimbo ulikuwa umeanza.

"Twende, tutachelewa tena!" alisema Moiz, akateremsha mguu.

Mwinyijuma alimzuia kifuani kwa gongo.

"Bonyeza, Moiz. Tungoje mwingine. Zabron hana haraka na sisi."